Utendi wa Mwana Kupona Wasomwa Nusu

Katika harusi zetu za pwani, mara nyingi bi harusi hukumbushwa Utendi wa Mwana Kupona. Ni jambo jema. Lakini aghlabu hutajwa pale tu panapohimizwa kumtii mume, kisha kitabu hufungwa. Huku ni kuusoma nusu, na kusoma nusu huleta dhuluma.

Tuutazame wenyewe. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1275 Hijria, yaani 1858, hali ni mgonjwa, amuusie bintiye Mwana Hashima. Beti zake ni 102. Mwanzo anamtaka binti alete wino na karatasi. Radhi anazomwambia azitafute ni tano: ya Mungu, Mtume, baba, mama, na ya mume ndiyo ya tano. Anapokumbuka ndoa yake asema waliishi kwa furaha pasi na kuvunjiana heshima. Zingatieni: kuvunjiana, si mmoja kumvunjia mwenziwe. Mwishoni awataka wanawake wausome na wafahamu maana yake. Basi mwanamke huyu alishika kalamu, akawafunza wenziwe. Hiyo peke yake ni hatua kubwa katika historia ya wanawake wetu.

Hata hivyo, tuseme kweli: utendi hauelezi wajibu wa mume, maana ni wasia wa mama kwa binti. Anayeutaka wajibu huo na afungue Suratun Nisaa. Humo mwanamke amepewa mahari yake (aya ya 4) na fungu lake la mirathi (aya ya 7), na waume wameamrishwa kukaa na wake zao kwa wema (aya ya 19). Uingereza mke alikuwa hana mamlaka kamili juu ya mali yake mpaka sheria ya 1882. Twajifakhiri kwa hayo, na ni haki yetu.

Lakini fakhari ina faida gani, ikiwa baba akifa ndugu wa kiume hugawana nyumba, na dada akidai fungu lake aambiwa, "Wewe una mumeo, nyamaza"? Kisha huyo huyo husomewa Mwana Kupona!

Enyi wazazi, msomeeni binti utendi wote, na mpeni haki yake yote. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.