Boliti Nne na Hesabu ya Shinikizo: Kuhamishia Diski Nyuma ya Golf

Volkswagen Golf ya kizazi cha kwanza, ambayo nchini Afrika Kusini iliendelea kuundwa kwa jina la Citi Golf hadi mwaka 2009, inajulikana kwa breki zake za dramu katika magurudumu ya nyuma, ilhali Golf GTI ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 1984, ilipewa diski katika magurudumu yote manne. Kwa kuwa ekseli za nyuma za vizazi hivyo viwili hazitofautiani sana, mafundi wamekuwa wakihamisha diski za gari la pili hadi kwenye la kwanza, na kazi hiyo, ikitazamwa kwa spana pekee, huonekana nyepesi kuliko ilivyo.

Sehemu ya spana haihitaji maelezo marefu. Bamba linalobeba breki shuu, yaani vipande vyenye utando wa msuguano vinavyotanuka ndani ya dramu, hushikwa na boliti nne pamoja na stabu, ambayo ni mhimili mfupi unaobeba gurudumu. Vyote viwili huondolewa, na mahali pake hufungwa stabu ya gari lenye diski pamoja na kishikizo cha kalipa, yaani kifaa chenye pistoni kinachozibana pedi kwenye diski. Diski yenyewe, yenye kipenyo cha milimita 226, imeungana na habu na hubeba beringi zake, hivyo nati ya katikati haikazwi kwa nguvu zote bali hadi pale ambapo washa iliyo nyuma yake bado inaweza kusogezwa kwa ncha ya bisibisi bila kulazimishwa.

Ugumu wa kweli umo katika shinikizo la mafuta ya breki. Breki ya dramu hujisaidia yenyewe, kwa maana kwamba mzunguko wa dramu huivuta shuu ya mbele na kuikandamiza zaidi, kiasi kwamba nguvu ya msuguano inayopatikana inaweza kufikia takriban mara mbili ya nguvu inayotoka kwenye silinda ya gurudumu. Diski haina msaada huo: ikichukuliwa kuwa kizigeu cha msuguano ni 0.4, pedi mbili kwa pamoja hutoa mara 0.8 tu ya nguvu inayozibana. Upungufu huo hufidiwa kwa ukubwa wa pistoni, na hapo ndipo fidia inapoweza kupita kiasi. Silinda ya gurudumu yenye kipenyo cha milimita 17.5 ina eneo la milimita za mraba 240 hivi, ilhali pistoni ya milimita 38, kama ile ya kalipa za alumini za Golf ya kizazi cha nne ambazo mafundi wengi huzipendelea, ina takriban 1,134. Ukizidisha kila eneo kwa kizidishi chake, diski hutoa karibu mara mbili ya nguvu ya dramu kwa shinikizo lilelile, na nusu kipenyo ambapo nguvu hizo hufanya kazi hazipishani sana.

Msomaji anaweza kudhani kwamba nguvu mara mbili ni faida, lakini fizikia ya kufunga breki inakataa. Gari linapopunguza mwendo kwa 0.8 ya mvutano wa dunia, na ikikadiriwa kuwa kitovu cha uzito kiko sentimita 53 kutoka ardhini huku umbali kati ya ekseli ukiwa mita 2.4, takriban asilimia 18 ya uzito wote huhamia mbele. Gari lililokuwa na asilimia 38 ya uzito wake nyuma hubakiwa na asilimia 20 tu huko. Tairi za nyuma, zikiwa nyepesi hivyo, hujifunga mapema, na tairi iliyojifunga haiwezi tena kuhimili nguvu za pembeni, kwa hiyo mkia wa gari hutaka kutangulia. Ndiyo sababu mabadiliko haya hayakamiliki bila kidhibiti cha shinikizo, ambacho katika magari mengi ya aina hii huunganishwa na ekseli kwa springi na kupunguza shinikizo la nyuma kadiri mkia unavyoinuka. Kuhamisha kalipa na kukiacha kidhibiti cha zamani bila kukipima ni kufanya nusu ya kazi, na bila shaka ni nusu iliyo rahisi.

Masta silinda, inayogeuza msukumo wa pedali kuwa shinikizo la mafuta, nayo huguswa. Ile ya milimita 22.2 ina eneo kubwa kwa takriban asilimia 16 kuliko ya milimita 20.6, kwa hiyo pedali husafiri masafa mafupi zaidi, lakini hudai mguu mzito zaidi, jambo linaloeleza kwa nini mara nyingi huambatana na busta kubwa, yaani kifaa cha kuusaidia mguu.

Handibreki ndiyo inayowasumbua wengi baada ya gari kurudi barabarani. Ndani ya kalipa mna skrubu inayojirekebisha kadiri pedi zinavyolika, hivyo pistoni hurudishwa kwa kuzungushwa huku ikisukumwa. Anayeibana kwa jiriwa peke yake huiharibu skrubu hiyo. Baada ya kutoa upepo, huku nipeli za kalipa zikiwa zimeelekea juu ili hewa isinaswe ndani, pedali hukanyagwa mara nyingi kwanza, kisha ndipo kebo hurekebishwa, na wenzo wa kalipa sharti urudi hadi kwenye kikomo chake. Kebo ikivutwa mapema, skrubu haijirekebishi, na dereva hulaumu diski kwa kosa la kebo.