Mtoto Apewe Mungu, Asipewe Hofu

Wazazi wengi vijana wanatuuliza siku hizi neno moja: namna gani kumlea mtoto katika dini bila kumtia hofu? Wao wenyewe walifundishwa kwa maswali na majibu, wakayakariri kwa sauti moja kama wimbo. Wengi waliokosa jibu walionja fimbo, wakatoka pale wakimfikiri Mungu kama mwalimu mkali mwenye daftari ya makosa. Sasa wanataka imani ya mwendo mpya, imani isiyokataza maswali, inayotanguliza upendo mbele ya adhabu. Kuna wanaowacheka, wakisema kwamba mwendo huo ni wa Wazungu waliochoka kusali. Sisi hatucheki. Lakini hatupokei vilevile kila kitu kinacholetwa kwa jina la upya. Basi tumetaka kupima kitabu kimoja kinachotegemewa sana na walezi wa namna hiyo, kile cha Sofia Cavalletti juu ya uwezo wa dini ulio ndani ya mtoto. Kilitolewa kwa Kiitaliano mwaka 1979.

Mama Cavalletti, aliyezaliwa Roma mwaka 1917 na kufariki mwaka 2011, hakuwa mwalimu wa watoto. Alikuwa mtaalamu wa Biblia na wa Kiebrania. Mwaka 1954 mzazi mmoja alimwomba amfundishe mtoto wake dini. Akafungua mwanzo wa Biblia, pale panaposimuliwa kuumbwa kwa ulimwengu, wakasoma pamoja, naye akastaajabu kuona jinsi mtoto alivyojaa furaha. Kisha akashirikiana na Gianna Gobbi, aliyeizoea njia ya Maria Montessori, na kazi yao ikaendelea miaka mingi. Kitabu ni tunda la kazi hiyo: si mawazo ya mezani tu, ni mambo yaliyoonwa kwa watoto wenyewe, wa miaka mitatu mpaka sita.

Tuone somo lake lililo kubwa kupita yote, lile la Mchungaji Mwema. Mwalimu anasoma mbele ya watoto wachache sura ya kumi ya Yoane. Ameweka mezani zizi dogo la mbao, na kondoo wadogo, na mchungaji. Akisoma kwamba mchungaji anawaita kondoo wake kwa majina, anawatoa polepole mmoja mmoja. Akisoma kwamba wanamfuata kwa sababu wanaijua sauti yake, anawapanga nyuma yake. Halafu ananyamaza. Watoto wanaachiwa vitu hivyo wavishike wenyewe, leo, kesho na wiki ijayo. Na hapa ndipo ulipo ugumu kwetu sisi wakatekista: mwalimu hasemi kwamba kondoo ni sisi. Anangoja. Pengine miezi inapita, ndipo mtoto anajisemea mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani, kwamba anajua sasa kondoo hao ni nani.

Sisi tungelikwisha kulisema neno hilo katika dakika ya kwanza, tena tungeliandika ubaoni, na Jumamosi tungeliwauliza. Nani kati yetu anaweza kungoja miezi? Lakini twaona kwamba Mama huyu ana haki. Neno ambalo mtoto amelipata mwenyewe halimtoki. Lile tulilomkaririsha linamtoka siku ile ile anapopokea Komunyo ya kwanza. Wala Bwana Yezu hakueleza kila mfano wake. Wanafunzi ndio waliomwendea baadaye wakauliza. Kwa punje ya haradali Mama Cavalletti anamwekea mtoto punje yenyewe kidoleni, aone udogo wake. Hapa kwetu mbegu ya lengalenga itafaa vilevile, na kila mama anayo.

Wapo wazazi wa mwendo mpya ambao wangetaka kumshika Mama huyu awe shahidi wao. Wanasema: tusimfundishe mtoto lolote, akikua atachagua mwenyewe. Wamekosea mlango. Mama huyu anampa mtoto altare ndogo na kalisi ndogo, anampa Maandiko Matakatifu, anamwashia mshumaa kutoka mshumaa wa Pasaka. Hamwachi mikono mitupu. Nani anamngoja mtoto akue ili achague lugha ya kusema na mama yake? Anayenyamaza nyumbani kwake juu ya Mungu ajue kwamba jirani hatanyamaza.

Na wale wanaoogopa kila upya wakumbuke kwamba Kanisa lenyewe linatembea. Zamani katika nchi nyingi mtoto alingojeshwa miaka kumi, kumi na miwili, hata kumi na minne, kabla ya kupokea Ekaristi. Mwaka 1910 Papa Pio X akaagiza kwamba mwenye akili ya kutambua, karibu miaka saba, asizuiwe. Tena ni mara ngapi mtoto ametuuliza: mdogo wangu aliyekufa kabla ya ubatizo yuko wapi? Mababu zetu katika imani waliambiwa kuna mahali pa pembeni, pasipo mateso na pasipo kumwona Mungu. Katekisimu ya mwaka 1992 inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Roma ilionyesha kwamba tuna sababu nzito za kutumaini wokovu wao. Kutumaini, si kujua kwa hakika, nasi tumwambie mtoto hivyo hivyo. Hatakuwa mpagani kwa kusikia mwalimu wake akisema: hapo hatujui yote, twamtegemea Mungu.

Wengine watauliza juu ya fedha, kwa sababu vitu vile ni vya mbao nzuri, na watoto kule ni wachache, hali sisi tuna mia moja chini ya mti mmoja. Tusikawie hapo. Udongo wa mfinyanzi hauuzwi, na mia moja wanaweza kugawanywa kwa mashirika ya mitaa.

Neno letu la kweli juu ya kitabu hiki ni lingine. Katika sura ile ya kumi ya Yoane yumo mbwa-mwitu. Kwa watoto wadogo Mama Cavalletti anamwacha nje. Mistari yake inangoja mpaka wawe wakubwa kidogo. Vilevile mambo ya dhambi na amri anayatia baada ya miaka sita, kwa sababu mtoto mdogo, asema, anahitaji kwanza kupendwa na kulindwa. Kwa mtoto aliyekuzwa katika nyumba tulivu ya Roma tunakubali. Kwa mtoto wa Kongo hatuwezi kukubali hivyo hivyo, kwa sababu mbwa-mwitu amekwisha kuingia nyumbani kabla mtoto hajatimiza miaka minne. Mtoto anasikia usiku habari za walozi. Wazazi wake wanasali misa siku ya Mungu, halafu siku za kazi wanampeleka katika chumba cha maombi, ambako mhubiri anatafuta nani katika jamaa ameleta ugonjwa au ukosefu wa kazi. Mara nyingi kidole kinamwangukia mtoto: yatima, mwenye kukojoa kitandani, mwenye kifafa. Tangu miaka ya 1990 watoto wengi wa Kinshasa na wa miji mingine wamefukuzwa hivyo, wakalala sokoni. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto, katika kifungu chake cha 160, inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa ulozi: kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu. Sheria ipo, na vidole vinaendelea kunyoshwa.

Mtoto huyo hakuambiwa kwamba mbwa-mwitu yuko porini. Aliambiwa kwamba mbwa-mwitu ni yeye. Tukimwonyesha zizi, mchungaji na kondoo, kisha tukanyamaza na kungoja, yeye atajiweka wapi? Twaogopa kwamba atajiweka nje ya ua. Kungoja, ambako ndiko uzuri wote wa njia hii, kwake kunaweza kuwa mateso mapya.

Kwa hiyo tungewaomba wakatekista waitwae njia ya Mama Cavalletti, lakini waibadili mahali hapo. Mbwa-mwitu afinyangwe pia, au fisi, ambaye watoto wetu wanamjua zaidi, na awekwe mezani tangu siku ya kwanza, mbali na zizi, mchungaji akisimama katikati. Na hapo tu mwalimu avunje kimya chake. Aseme waziwazi, hata mama na shangazi waliosimama nyuma wasikie, kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliye fisi huyo.