Mazingira ya Python yanayofutika

Ukitaka kujua kama fundi wa Python ni fundi kweli, mwambie afute mbele yako folda ya `.venv`, yaani mazingira ya mradi wake. Akisita, ujue kuna kitu humo asichoweza kukirudisha. Aliyeyajenga mazingira hayo vizuri atafuta bila wasiwasi, maana maktaba zote na matoleo yake zimeandikwa kwenye `requirements.txt`.

Kipimo hiki nawaachia vijana wetu wanaojifunza programu Louisville, Columbus na Buffalo, hasa wenye laptopu za Ubuntu. Python waliyoikuta humo ina mwenyewe: amri kama `add-apt-repository` huitegemea. Ndiyo maana tangu Debian 12, ya mwaka 2023, katika Debian na Ubuntu iliyojengwa juu yake, kisakinishi cha `pip` hukataa kusakinisha maktaba moja kwa moja kwenye mfumo. Nikiona `--break-system-packages`, ya kupuuza katazo hilo, kwenye maelezo ya mradi, ukaguzi wangu umeishia hapo. `venv`, chombo cha kutengeneza mazingira hayo, imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012 (kwenye Ubuntu huongezwa kwa kifurushi cha `python3-venv`), hivyo kisingizio hakuna.

Columbus kuna Ohio Supercomputer Center, iliyoanzishwa 1987. Chuo Kikuu cha Buffalo nacho kina kituo chake cha ukokotoaji. Kwenye mashine za namna hiyo, zinazotumiwa na watu wengi, mwanafunzi hapewi `sudo`, ruhusa ya kugusa mfumo, hivyo hujenga mazingira yake mwenyewe. Aliyelelewa huko huwa na adabu ya kazi inayoonekana mapema.

Sasa chungulia ndani ya `.venv`. Katika `pyvenv.cfg`, `include-system-site-packages` iwe `false`. Ikiwa `true`, programu huenda inaazima maktaba za mfumo kimyakimya, na itagoma ikifika kompyuta nyingine. Maneno `(.venv)` mwanzoni mwa mstari wa amri ni pambo tu. Iulize Python yenyewe: `sys.prefix` na `sys.base_prefix` zikilingana, bado uko kwenye mfumo. Folda hiyo pia haihamishwi ovyo, kwa kuwa njia kamili za mafaili zimeandikwa ndani yake. Nikiikuta kwenye Git, napunguza alama.

Orodha ya maktaba ndiyo inayotenganisha mzoefu na mgeni. `pandas` bila namba ya toleo ni ahadi hewa. Mradi ukikua, napenda kuona faili mbili: moja ya maktaba alizoziomba mwenyewe, nyingine ya zote zilizofuatana nazo. Ukimuuliza `numpy` imefikaje humo, ajue imeletwa na `pandas`.