Mpishi Asiyefunua Sufuria Ovyo

Supu ya nyama na maharage huanzia kwenye ungo, jioni ya kuamkia siku ya kuliwa. Mama mmoja mwenye banda la chakula mjini Singida humimina maharage kidogo kidogo, akayatandaza kwa kiganja, kisha vidole vikaanza kutoa: changarawe, maharage yaliyotobolewa na wadudu, mengine yaliyosinyaa. Huyaosha, akayaloweka kwa maji mengi, maana hadi alfajiri yatakuwa yamevimba karibu maradufu.

Kunapopambazuka anamwaga maji hayo na kuyabandika maharage kwa maji mapya, moto mkali, yatokote kwelikweli. Hatua hii hairukwi. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauimalizi. Akiyala mtu hayajaiva vizuri, tumbo litamsokota. Hata wenye vyungu vya umeme vya kupikia polepole hushauriwa kuyachemsha kwanza kwa nguvu, angalau dakika 10, ndipo wayatie humo.

Kwenye jiko la pili kuna nyama ya mguu wa ng'ombe, na mifupa yake na kano zake. Inaanza na maji baridi. Yanapopata moto, povu la kijivu linapanda, naye analiengua kwa upawa, akiukung'uta pembeni, mpaka maji yatakate. Hapo ndipo tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa vinaingia.

Mji huu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Kwa hiyo maharage ya hapa hudai muda mrefu kuliko ya pwani. Mama hapimi nyuzi. Anawahi kuwasha jiko.

Nyama ikianza kulegea, maharage yanahamishiwa humo. Sasa moto unashushwa. Anatoa makaa kadhaa kwa koleo, yaliyobaki anayafunika kwa majivu, anafunga kidirisha cha jiko. Supu haitakiwi kutokota tena. Anachotaka ni kiputo kimoja kimoja pembeni mwa sufuria, kinapasuka, kingine kinafuata. Mfuniko haufunuliwi ovyo. Maji yakipungua anaongeza ya moto kutoka kwenye birika, kamwe si ya baridi, mchemko usije ukakatika. Saa zinapita hivyo. Kano zinayeyuka taratibu, supu inaanza kunata midomoni.

Nyanya ziko tayari tangu mapema, zimekatwakatwa, lakini hazisogei. Ukali wake hulifanya ganda la haragwe ligome kulainika, basi zinasubiri. Mama anachota maharage matatu, moja halimtoshi kwa kuwa laweza kumdanganya, na kuyabinya moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Mawili yanapondeka, la tatu lina kiini kigumu. Anarudisha mfuniko bila neno.

Awamu ya pili yote matatu yanapondeka. Ndipo kikaango kinapowekwa: mafuta ya alizeti, kisha vitunguu, mazao mawili ambayo mkoa huu unajulikana kwayo. Vitunguu anavikaanga bila papara hadi viwe rangi ya dhahabu, nyanya zinafuata, zinakaangwa mpaka mafuta yajitenge, na rojo lote linamiminwa kwenye sufuria. Upawa mmoja wa maharage unapondwa ukutani mwa sufuria ili supu iwe nzito. Chumvi inaonjwa mara mbili. Ndimu na pilipili ni hiari ya mlaji.

Wateja wakifika, wengine wakiwa na chapati mkononi, hapakui kutoka juu. Anazamisha upawa hadi chini na kuupandisha wima, ili kila bakuli lipate mchuzi, maharage na kipande cha nyama. Atakayekuja mwisho amelipa bei ileile, na mama anapika akimhesabu yeye pia.