Ramani ya mafuriko iliyopita kwa mjumbe

Katika nyumba nyingi za bonde la Msimbazi, kumbukumbu ya mafuriko iko ukutani. Ni mstari wa rangi ya udongo, na chini yake rangi ya ukuta imefifia na plasta imeanza kumenyuka. Mwenye nyumba anaujua vizuri: huu wa juu ni wa Desemba 2011, ule wa chini ni wa masika yaliyofuata. Ukipima kwa futi kutoka sakafuni hadi kwenye mstari, ukaandika namba na kuchukua eneo kwa GPS ya simu, umepata kipimo ambacho hakuna setilaiti itakayokupa.

Mvua za Desemba 2011 ziliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam na kuwaacha maelfu bila makazi. Baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande. Sensa ya mwaka uliofuata ilihesabu watu 4,364,541 mkoani, na sehemu kubwa yao waliishi mahali ambapo ramani za mipango miji zilionyesha eneo tupu au mashamba.

Kujaza eneo hilo tupu hakukuwa kazi ya ofisi moja. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, Mkoa wa Pwani, kisha unashuka kupitia maeneo ya halmashauri kadhaa hadi baharini pale Salenda. Mvua inapimwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Barabara kuu na makalavati yake ni ya TANROADS, na za mitaani, tangu 2017, ni za TARURA. Katazo la kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto limo katika Sheria ya Mazingira ya 2004, maafa yanaratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, na anayegongewa mlango usiku maji yanapoingia ni mwenyekiti wa mtaa. Kila mmoja ana kipande chake.

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ndio uliovikutanisha vipande hivyo. Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na shirika la ramani la HOT walishirikiana na mamlaka za jiji, na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia mitaani. Mfano wa karibu ulikuwa Jakarta, ambako miaka michache kabla viongozi wa kata zote 267 (kelurahan) waliitwa kuchora wenyewe maeneo yao na sehemu zinazojaa maji. Data ya Dar es Salaam ilihifadhiwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa kila mtu kuisoma na kuisahihisha.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa mipaka. Ramani inayosema "nyumba hizi zitafurika" haina msaada kama haisemi nyumba hizo ni za mtaa gani, kwa sababu onyo, chakula na mahema vyote hupita kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Mipaka ya mitaa mingi ilikuwa vichwani mwa watu tu. Njia iliyotumika ni ya kawaida kabisa: unachapa picha ya angani kwenye karatasi kubwa, unaitandaza mezani ofisi ya mtaa, na mwenyekiti anafuata mpaka kwa kalamu: "Huu mkorosho ni wa kwetu, baada ya msikiti ni wenzetu." Panapotokea ubishi anaitwa mwenyekiti wa jirani, na wote wanatoka kwenda kuangalia.

Kuna ngazi ya chini zaidi, shina. Mjumbe wa shina hayumo katika muundo wa serikali. Mizizi yake ni nyumba kumi kumi za enzi za TANU, na tangu vyama vingi virudi 1992 yeye ni kiongozi wa chama. Lakini mgeni akitaka kujua nani anaishi wapi, nani ni mzee asiyeweza kutembea, anaelekezwa kwa mjumbe. Kuchora mashina kulikuwa kukubali hali halisi ya uswahilini, na nauona uamuzi huo kuwa wa busara kuliko mtambo wowote ulionunuliwa.

Mitambo nayo ilikuwa na nafasi yake, hasa kwenye mwinuko wa ardhi. Data ya mwinuko ya bure iliyozoeleka ilikusanywa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, na inaigawa ardhi katika miraba ya mita 30 kwa 30. Kosa lake la wima huweza kufika mita kadhaa, tena penye msongamano huyachukua mapaa ya nyumba kuwa ndiyo ardhi. Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, nusu mita ndiyo tofauti ya kulala kitandani na kulala juu ya paa. Ndiyo maana ndege zisizo na rubani zilirushwa kupata picha zinazoonyesha hadi sentimita chache, na vijana wakatembea kwa miguu kupima mitaro: upana, kina, imejengwa kwa zege au ni udongo, imeziba kwa taka au inapitisha maji. Mtaro ulioziba hubadilisha njia ya maji, na hakuna picha ya angani inayoonyesha kilicho chini ya mfuniko wake.

Kwa kina cha mafuriko ya zamani, waliulizwa wakazi. Mtu hakumbuki sentimita, ila anakumbuka mwili wake: maji yalifika kwenye kifundo, gotini, kiunoni, kifuani. Majibu ya nyumba kumi za jirani yakikubaliana, yakalingana na alama za ukutani, hiyo ni data. Yasipokubaliana, unarudi kuuliza tena. Kisha programu ya InaSAFE huweka tabaka la maji juu ya tabaka la majengo na mipaka, na kutoa hesabu kwa kila mtaa ya majengo yaliyo hatarini.

Uamuzi wa kuiweka data wazi ulionyesha thamani yake kutokana na jambo lililotokea katika utawala. Mradi ulipoanza, Dar es Salaam ilikuwa na manispaa tatu. Zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ikavunjwa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Data ambayo ingefungiwa katika kompyuta ya idara moja ingeweza kupotea katika makabidhiano hayo. Hii haikupotea.

Lakini ramani huzeeka. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, unachimba mto, unainua ardhi na kujenga daraja refu Jangwani, mahali ambapo karakana ya mabasi yaendayo haraka imefurika mara kwa mara. Kila tuta jipya linayasukuma maji kwingine. Kufikia sensa ya 2022 mkoa ulikuwa na watu 5,383,728, yaani zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka 10, na wengi wamejenga baada ya mitaro ile kupimwa.

Kuendelea kwa kazi hii hakuhitaji mradi mpya wa wafadhili. Kunahitaji kila halmashauri itenge fungu dogo katika bajeti yake ya mwaka, impe ofisa mmoja wa mipango miji jukumu la kuhuisha ramani baada ya kila masika na kila vuli, na TARURA na Bodi ya Bonde zimpelekee vipimo vyao bila kusubiri barua tatu. Na wewe unayeishi bondeni, kabla hujapaka ukuta rangi upya, pima ule mstari, andika tarehe, upeleke ofisi ya mtaa.