Jicho Lisilo na Haraka

Kuna asubuhi moja ndani ya Umberto D., filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1952, ambayo ningependa kila anayejifunza utengenezaji wa filamu aitazame kabla hajashika kamera. Msichana wa kazi anaamka na kuingia jikoni, usingizi bado haujamtoka. Anakwangua kiberiti ukutani, anawasha jiko, anatupa jicho dirishani ambako paka anapita juu ya paa. Sisimizi wametapakaa ukutani, anawamwagia maji. Kisha anaketi na kinu cha kahawa mapajani, na huku akisaga ananyoosha mguu, ncha ya kidole ikitafuta mlango ausukume ufungike. Machozi yanamlengalenga. Tunajua ana mimba, na kwamba hana hakika baba ni yupi kati ya wanajeshi wawili. Hasemi neno. Hadithi ya Mzee Umberto, ambayo ndiyo tuliyoijia, imesimama kumngoja mtumishi amalize kusaga kahawa.

Aliyeandika muswada wa filamu hiyo ni Cesare Zavattini, mtu aliyekuwa na ndoto ya kutengeneza filamu ya dakika 90 juu ya mtu asiyetokewa na jambo lolote. Hakuipata, lakini jikoni humo aliikaribia sana. Nikisikia sinema ya Italia ikisifiwa kwa nguo zake, kwa warembo wake na kwa chemchemi za Roma, mimi hukumbuka huo mguu ulionyooshwa. Ufundi mkubwa wa Waitalia umekuwa kumpa mnyonge muda wake wote, bila kumharakisha na bila kumhubiria.

Hawakuanza hivyo. Mwaka 1914, Giovanni Pastrone wa Torino alitoa Cabiria, filamu ya mahekalu na majeshi ya kale, akaiweka kamera juu ya magurudumu ili iteleze ndani ya mandhari yake makubwa. Mwaka 1937 Mussolini alifungua studio za Cinecittà nje kidogo ya Roma, akijua vyema kwamba sinema ni silaha. Vita vya Pili vya Dunia vilipoipita Roma, studio hizo zilikuwa makazi ya wakimbizi. Roberto Rossellini, alipoanza kupiga Roma città aperta mapema mwaka 1945, miezi michache tu baada ya Wajerumani kuondoka mjini, alikuwa na uhaba wa karibu kila kitu, hata mikanda. Ndani ya filamu hiyo, mwigizaji Anna Magnani anapolikimbilia lori linalomchukua mchumba wake, akapigwa risasi katikati ya barabara, barabara ile ni barabara kweli, na watu wa Roma bado walikuwa na matanga yao.

De Sica aliuchukua uhaba huo akaufanya kanuni. Kwa ajili ya Ladri di biciclette ya mwaka 1948, mtayarishaji wa Marekani David O. Selznick alikuwa tayari kutoa fedha mradi mhusika mkuu aigizwe na nyota Cary Grant. De Sica alikataa, akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani. Mtoto Enzo Staiola, anayeigiza mwana wa mhusika huyo, alimchagua kwa mwendo wake.

Kisa chenyewe kinasimulika kwa pumzi moja: mtu apata kazi ya kubandika mabango, kazi inahitaji baiskeli, baiskeli yaibwa. Ila tazama jinsi kinavyosimuliwa. Mke anayavua mashuka kitandani ili yawekwe rehani na baiskeli ikombolewe. Karani anayapokea, na mwenzake anayabeba akipanda rafu ndefu kwenda juu, na kamera inampandia naye, mpaka tunaona mamia ya mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna hotuba juu ya umaskini wa Italia. Kuna mtu anapanda rafu tu. Na mwishoni baba naye anapojaribu kuiba, akakamatwa na kupigwa kofi mbele ya mwanawe, De Sica hamfichi mtoto wala hamkimbizi baba. Anawaacha watembee pamoja, na kutembea huko ndiko kunakoumiza.

Ukweli huo ulikuwa na gharama. Maggiorani aliporudi kiwandani, kibarua chake kikaota nyasi. Umberto D. nayo ilimletea De Sica barua ya wazi kutoka kwa Giulio Andreotti, kiongozi serikalini, aliyelalamika kwamba filamu kama hizo zinaichafua nchi machoni pa ulimwengu. Sijawahi kuona serikali ikiogopa filamu mbaya kwa kiwango hicho.

Baadaye njia zilitawanyika. Mwongozaji Fellini akaingia katika ndoto na kumbukumbu zake. La strada ya 1954 naipenda kuliko nyingine zake kwa sababu ya uso wa mwigizaji Giulietta Masina. Waongozaji Leone na Corbucci wakaja na filamu zao za wapanda farasi wenye bunduki, na hizo ndizo zilizojaza majumba ya sinema hata huku Afrika Mashariki.

Lakini jicho lile lisilo na haraka halikufa. Mwaka 1978 Ermanno Olmi alitoa L'albero degli zoccoli, karibu saa tatu pamoja na wakulima wa Bergamo, wakiigiza wakulima wenyewe katika lugha yao ya nyumbani. Mtoto avunjikiwa na kiatu cha mti akitoka shule. Baba akata mti wa bwana shamba kwa siri amchongee kingine. Familia nzima yafukuzwa. Olmi anakaa na kisu kinachochonga, kwa upendo na subira, kana kwamba hakuna kazi muhimu zaidi duniani usiku huo.

Jicho hilo lilifika kwetu pia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Pier Paolo Pasolini alizunguka Tanzania na Uganda akitafuta nyuso za kuigiza Oresteia, tamthilia ya Aeschylus wa Ugiriki ya kale. Alipita Kigoma, akawatazama watu sokoni, akaona katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hekalu lake la Apollo. Kisha akawaonyesha picha hizo wanafunzi wa Kiafrika mjini Roma, akawauliza maoni yao. Hawakumpamba. Walimwambia kwamba Afrika si taifa moja bali ni bara, na kwamba anawajumlisha watu wasiojumlika. Pasolini angeweza kuyakata maneno hayo kwenye meza ya uhariri. Aliyaacha ndani ya Appunti per un'Orestiade africana. Oresteia yenyewe hakuitengeneza kamwe. Kilichobaki ni maandalizi yake pamoja na pingamizi za waliotazamwa, na mimi nazihesabu pingamizi hizo miongoni mwa mambo bora kabisa ambayo sinema ya Italia imewahi kuyanasa.