Kijani Kilichomo Ndani ya Siliati ni cha Nani?

Maji ya Ghuba ya Mwanza yakichujwa ili kupima klorofili, ukijani wote ulionaswa kwenye chujio huhesabiwa kuwa ni wa mwani. Hesabu hiyo huwabeba pia siliati, viumbe wa seli moja wanaokula bakteria na mwani, kwa kuwa baadhi yao wana kijani ndani ya mwili. Kijani hicho chaweza kuwa mwani mzima unaoishi humo, kloroplasti zilizoporwa kutoka kwa mwani ulioliwa, au chakula tu ambacho hakijasagika. Katika ziwa linalolisha watu dagaa, kujua nani anatengeneza chakula na nani anakila si jambo dogo, na njia nzuri ya kupata jibu ni kuchunguza seli moja moja kwa jeni mbili.

Mwaka 1981 Hecky na Kling waliripoti kutoka Ziwa Tanganyika siliati wa jenasi Strombidium, anayefanana na spishi ya Strombidium viride, wakasema ana mwani ndani yake. Mwaka 1989 Rogerson, Finlay na Berninger wakaonyesha kuwa Strombidium viride huhifadhi kloroplasti za kupora. Paramecium bursaria ni kinyume chake: hubeba mwani mzima, mamia katika seli moja. Hata hapo hadubini haitoshi. Hoshina na wenzake walisoma DNA mwaka 2005 wakatenganisha mwani wa aina ya "Marekani" na ya "Ulaya", ambayo baadaye iliitwa Chlorella variabilis na Micractinium reisseri. Kwa macho, yote ni vidonge vya kijani tu.

Kazi yenyewe huanza na pipeti nyembamba ya kioo. Seli huvutwa, huoshwa katika tone baada ya tone la maji yaliyochujwa, kisha hushindishwa njaa hadi chakula kisagike. Ndipo hufuata PCR, mbinu ya kunakili vipande vya DNA mara nyingi. Jeni ya 18S ya siliati ina nakala nyingi mno katika kiini chake kikubwa, hivyo praima za jumla, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili huo, zitamsoma mwenyeji na kumzima mgeni. Zinatakiwa praima za 18S ya mwani peke yake; hiyo ndiyo jeni ya kwanza, iliyomo kwenye kiini cha mwani. Jeni ya pili ni rbcL, iliyomo kwenye kloroplasti. Zikionekana zote mbili, huenda mwani ni mzima. Ikionekana rbcL pekee, uporaji unashukiwa. Nasema huenda kwa sababu Mesodinium rubrum, siliati wa baharini, hupora hata kiini cha mwani, kwa hiyo ni lazima pia kuangalia kama seli nzima za mwani zinagawanyika na kuongezeka ndani ya siliati.

Wapo watakaosema ni nafuu kusoma DNA ya ndoo nzima ya maji. Ni kweli, na orodha itakuwa ndefu, lakini haitaonyesha nani anaishi ndani ya nani. Wengine watataja vifaa. PCR si ngeni Mwanza. Maabara za hospitali huitumia kupima magonjwa. Kinachokosekana zaidi ni mtu wa kukaa saa nyingi na pipeti, akiosha seli moja.